Timu ya Makadeti Ibaki ya Makadeti

Si desturi ya safu hii kuushughulikia mchezo wa kandanda. Habari za mpira zina mahali pake katika gazeti, na wapo wenzetu wenye ujuzi wa kuziandika kuliko sisi. Lakini kwa muda sasa tumekuwa tukiulizwa swali moja, Gitega tukiulizwa na Muyinga tukiulizwa, ambalo haliwezi kujibiwa katika orodha ya matokeo ya Jumapili. Swali lenyewe ni hili: timu ya vijana wanaosomea uafisa, inapomaliza msimu mzima ikifungwa, ifanyiwe nini?

Wapo wanaojibu kwamba ivunjwe, kwa kuwa jeshi halikuundwa ili lichekwe viwanjani. Wapo wengine, na hawa ni wengi, wanaosema iongezewe nguvu. Neno hilo hutamkwa kwa sauti ya chini, kwa maana kila mwenye kulitamka anajua analolikusudia: watafutwe vijana hodari wa mpira mitaani, wavishwe jezi za makadeti, na baada ya kipenga cha mwisho warudishwe walikotoka. Na wapo wachache wasiotaka kuvunja wala kuongeza, ila wanaomba tu kwamba matokeo yasitangazwe. Sisi tunaona kwamba hao wote wamekosea, na kwamba wanaotaka kuongeza nguvu wamekosea zaidi.

Kabla hatujaeleza sababu, msomaji hana budi kujua anazungumza na nani. Sisi tunaoandika maneno haya tumelelewa katika shule ya makadeti. Jezi yake tumeivaa, na ndani yake tumefungwa mabao mengi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Leo kazi tuliyopewa ni kuliunganisha jeshi na wananchi kwa njia ya maneno. Kazi hiyo ina vishawishi vyake, na kimojawapo ni kupenda kusema mazuri peke yake. Shule yenyewe hatutaitaja, kwa kuwa kosa tutakalolisimulia lilikuwa letu sisi wanafunzi kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Kwanza tuseme kwa nini timu za namna hii hufungwa, kwa sababu mwananchi anayetazama kutoka pembeni mwa uwanja huona vijana wenye vifua vipana na hushangaa. Kadeti hufunzwa kuvumilia. Huamshwa kabla ya jua, hukimbia masafa marefu akiwa na mzigo mgongoni, husimama zamu ya lindo usiku, kisha huingia darasani kusoma ramani, sheria na hesabu. Misuli yake huzoea kwenda mbali kwa mwendo ule ule. Mpira hautaki hivyo. Mpira unataka mbio za hatua kumi, kusimama ghafla, kugeuka, na kuanza tena. Unataka miguu iliyopumzika na macho yaliyolala usingizi wa kutosha. Isitoshe, timu ya shule ya kijeshi haina wakongwe. Kijana akishaanza kuelewana na mwenzake upande wa kushoto, mwaka wake wa masomo umekwisha, amevishwa nyota begani na kupelekwa kikosini. Kila msimu ni mwanzo. Timu ya mtaani, kwa upande wake, huenda ina kiungo aliyecheza na mshambuliaji yule yule tangu wote wawili walipokuwa wakipiga mpira wa majani ya migomba. Hakuna gwaride linaloweza kulipa pengo hilo kwa miezi sita.

Sasa tusimulie yaliyotupata mwaka 2011.

Jeshi letu jipya lilikuwa bado changa. Sheria yake iliwekwa Desemba 2004, katika kutekeleza Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ambao ulitaka kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Katika chumba kimoja cha kulala walikuwamo vijana ambao baba zao na kaka zao walikuwa wamepigana pande mbili tofauti. Timu ya mpira ilikuwa mahali pa kwanza ambapo wengi wetu tuliacha kuulizana mtu katoka wapi, kwa kuwa mtu aliyekupa pasi nzuri humwulizi kilima cha babaye. Hapana shaka wakuu wetu walilijua hilo, ndiyo maana walituruhusu kusafiri kwenda kucheza michezo ya kirafiki na vijana wa miji mbalimbali. Msimu ule tulikuwa tumekwisha kufungwa kila tulikokwenda. Ilibaki safari moja ya siku chache: Gitega, kisha Muyinga.

Gitega, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijafanywa makao makuu ya siasa ya nchi (jambo hilo lilikuja mwaka 2019), ilitupokea kwa adabu na kutufunga bila adabu. Mabao matano, na sisi hatukupata hata moja. Bao la kwanza lilitukuta mlinda mlango wetu akiwa bado anafunga kamba ya kiatu. La tano sisi wenyewe tulilisindikiza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pumzi za kumkimbiza mfungaji. Watazamaji walipiga makopo, wakapiga vigelegele, na watoto wakawa wanatuigiza jinsi tulivyokuwa tukikimbia huku tumenyoosha migongo kama tuko kwenye gwaride. Wakati ule kicheko kile kilituuma sana. Baadaye tu ndipo tulipoelewa kilikuwa na thamani gani, na tutalirudia jambo hilo.

Usiku ule hatukulala. Tulikaa sisi wachezaji wakubwa pamoja na aliyekuwa anatusimamia, tukapanga namna ya kuiokoa heshima kabla ya kufika Muyinga. Hakuna aliyesema kwamba tunadanganya. Tulisema tunaongeza nguvu. Asubuhi wawili wetu wakaenda kwa fundi mmoja wa baiskeli aliyekuwa akifanya kazi karibu na soko, kijana ambaye watu wa Gitega walikuwa wakimtaja kuwa hashikiki akiwa na mpira. Hatukumwahidi fedha. Tulimwahidi chakula, jezi ya kuvaa siku moja, na nafasi ndani ya lori. Alikubali upesi kuliko tulivyotazamia, nasi hatukujiuliza kwa nini.

Lori likaondoka, likavuka mto Ruvubu, likapita Karuzi, likaendelea kaskazini. Njiani yule fundi alikuwa mchangamfu kuliko sote. Ni pale tulipokaribia Muyinga ndipo alipotuambia kwamba yeye ni mtoto wa huko, kwamba alikuwa hajarudi kwao kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa kukosa nauli, na kwamba alikuwa akifurahi kupata lifti ya bure ya kwenda kumwona mama yake. Tulitazamana. Ilikuwa imechelewa mno kumvua jezi. Au tuseme kweli, haikuwa imechelewa, ila sisi tulitaka kushinda.

Muyinga ni mji wa wafanyabiashara, ulio karibu na mpaka wa Tanzania kwa njia ya Kobero, na Kiswahili husikika madukani na sokoni kila siku. Watu wake wanapenda mpira na wana ndimi nyepesi. Kipindi cha kwanza tulifungwa mabao mawili. Katika kipindi cha pili yule fundi aliuchukua mpira katikati ya uwanja, akawapita watu watatu, akafunga. Uwanja mzima ulilipuka kwa furaha, nasi kwa dakika moja tukadhani kwamba Muyinga imetupenda. Kisha tukasikia wanachokisema. Walikuwa wakiita jina lake. Bao lile hawakulishangilia kuwa bao la makadeti. Walilishangilia kuwa la mtoto wao. Mzee mmoja aliyesimama nyuma ya benchi letu alimwuliza msimamizi wetu, kwa upole kabisa, "Afande, yule si mtoto wa hapa kwetu? Ameanza uafisa lini?" Msimamizi wetu hakuwa na jibu. Tukafungwa la tatu, mchezo ukaisha.

Walakini lililotuchoma halikuwa lile la mzee. Baada ya kipenga cha mwisho mwanamke mmoja alishuka uwanjani, kanga imemwanguka begani, akaja moja kwa moja mpaka kwa yule kijana aliyekuwa bado amevaa jezi yetu. Hakumkumbatia. Alimshika kwa mikono miwili, akamtazama kifuani palipoandikwa jina la shule, akasema, "Mwanangu, umeingia jeshini lini bila kuniaga?" Akaanza kulia. Watu waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Majirani ndio waliotueleza baadaye kwamba kaka mkubwa wa kijana yule aliondoka nyumbani wakati wa vita namna hiyo hiyo, bila kuaga, na hakurudi.

Kijana akavua jezi pale pale mbele ya mama yake, akatukabidhi, akabaki na fulana yake. Sisi tukapanda lori. Hakuna aliyezungumza mpaka Karuzi.

Tumeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu wale wanaopendekeza kuongeza nguvu hudhani kwamba wanapendekeza jambo dogo la michezo. Sare ya jeshi, na jezi ya shule ya kijeshi ni tawi la sare hiyo, ni ahadi kwa mwananchi kwamba aliyeivaa ndiye. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi mama hakuweza kujua kwa hakika ni nani aliyevaa nini na kwa amri ya nani, ahadi hiyo si ya kuchezewa hata kwa dakika 90. Afisa atakayekuja kuandika ripoti ya idadi ya watu wake, ya risasi zake, ya majeruhi wake, hawezi kuanza mafunzo yake kwa kuandika katika orodha ya wachezaji jina la mtu asiyekuwapo katika daftari la shule. Akizoea kuazima mshambuliaji, kesho ataazima askari katika karatasi za mishahara.

Wala tusidhani kwamba aibu ya kufungwa ni yetu peke yetu. Chuo cha kijeshi cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, kina timu ya ule mchezo ambao Wamarekani huuita futiboli, unaochezwa zaidi kwa mikono na kwa mpira wenye umbo la yai. Timu hiyo ilikuwa bingwa wa nchi nzima mwaka 1944 na mwaka 1945. Lakini mwaka 1973 ilicheza michezo 10 ikapoteza yote, na wa mwisho, dhidi ya wapinzani wao wa jadi wa chuo cha wanamaji, ilifungwa pointi 51 kwa 0. Ukaja mwaka 2003 ambao ulikuwa mbaya kuliko huo: ilicheza michezo 13, ikapoteza 13. Hakuna timu ya ngazi hiyo iliyokuwa imewahi kupata hasara ya namna hiyo katika msimu mmoja. Mwalimu wao aliondolewa msimu ukiwa katikati, na mwingine akaumalizia bila kupata ushindi. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2015 walifungwa na wanamaji mara 14 mfululizo. Kijana aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa kwanza wa mkosi huo angeweza kumaliza masomo, kwenda vitani Iraki au Afghanistani, kurudi, kuoa na kupata watoto, na bado asione timu ya chuo chake ikimshinda mpinzani yule.

Sababu zao zinafanana na zetu, ingawa fedha zao hazifanani na zetu. Mwaka 1998 waliingia katika ligi ya vyuo vya kiraia vilivyokuwa na wachezaji wakubwa na wepesi kuliko wao, wakajitoa baada ya msimu wa 2004. Na kijana hodari wa futiboli anayeota kulipwa hasiti kuchagua chuo kingine, maana mwanafunzi wa West Point akihitimu huwajibika kulitumikia jeshi kwa miaka mitano kamili. Wangeweza kuiondoa timu ile katika michezo mikubwa. Wangeweza pia kutafuta njia ya kupitishia wachezaji wasio wanafunzi. Walichofanya ni kuendelea kufungwa kwa majina yao halisi mpaka tarehe 10 Desemba 2016, walipowashinda wanamaji 21 kwa 17.

Ipo desturi moja katika mchezo huo wa vyuo viwili ambayo sisi tunaihusudu kuliko ushindi wenyewe. Mchezo ukiisha, timu zote mbili huenda pamoja, zikasimama mbele ya wanafunzi wa chuo kilichoshindwa, na wimbo wa chuo hicho ukaimbwa kwanza. Ndipo huvuka kwenda upande wa washindi na kuimba wa kwao. Aliyefungwa hakimbilii lori.

Hapa tunatazamia mtu atuambie kwamba majeshi ya jirani yana timu zinazoshinda. Ni kweli. Simba ya jeshi la Uganda ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Afrika mwaka 1972 na kufungwa na Hafia ya Guinea. Ulinzi Stars ya Kenya ilitwaa ubingwa wa nchi yake mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. APR ya Rwanda haihitaji kuelezwa kwa mpenzi yeyote wa kandanda wa eneo hili, na sisi wenyewe tuna Muzinga. Lakini hizo ni klabu. Klabu ya jeshi humtafuta mchezaji, humwajiri waziwazi, na kila mtu hujua kazi yake ni mpira. Hata hivyo nazo huanguka: Ruvu Shooting ya Tanzania iliteremka daraja mwaka 2023, na jeshi la nchi ile halikuanguka nayo. Timu ya shule ni kitu kingine. Haikuundwa ili kuleta vikombe bali ili kulea maafisa, na ukiijaza watu wasiosoma pale umeitumia kwa kazi ambayo klabu inaifanya vizuri zaidi.

Kuhusu wale wanaotaka matokeo yafichwe, tunalo la kuungama. Tulipokuwa wachanga katika kazi hii ya uhusiano, tulipewa jukumu la kuandika habari ya mchezo mmoja wa vijana wa jeshi na raia. Vijana wetu walifungwa vibaya. Tukaandika kwamba mchezo ulikuwa wa kirafiki, kwamba nidhamu ilikuwa ya hali ya juu, na kwamba wananchi walijitokeza kwa wingi. Yote yalikuwa kweli. Idadi ya mabao hatukuitaja. Siku ya pili yake muuza kahawa mmoja alitusomea habari yetu kwa sauti mpaka mwisho, akaigeuza karatasi kutazama upande wa nyuma, akauliza, "Afande, mbona mabao yameanguka njiani?" Tangu siku hiyo kila tulipoandika jambo zito zaidi ya mpira, tulihisi kwamba kuna mtu anaigeuza karatasi.

Na tukumbuke jinsi taifa zima lilivyopokea kufungwa mwaka 2019. Tarehe 23 Machi mwaka huo Intamba mu Rugamba walitoka sare ya 1-1 na Gabon hapa nchini, wakafuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika. Huko Misri walifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar, 2-0 na Guinea, wakarudi bila pointi wala bao. Magazeti yaliandika matokeo yote matatu. Hakuna aliyependekeza kwamba Burundi iache kucheza mpira. Watu waliuliza maswali ya maana: kwa nini ushambuliaji ulikuwa dhaifu, kwa nini kipindi cha pili, kwa nini mipira iliyokufa. Maswali hayo hayawezi kuulizwa na mtu aliyefichwa matokeo.

Tulisema tutakirudia kicheko cha Gitega. Vijana waliotucheka mwaka 2011 walikuwa watoto wadogo wakati wa vita iliyoanza mwaka 1993, na wengi wao walifunzwa na wazazi wao kuinamisha macho wanapomwona mtu mwenye sare. Siku ile walisimama hatua tatu kutoka kwa makadeti wa jeshi lao, wakawaigiza mwendo, wakawapigia makopo, kisha wakaenda nyumbani kula chakula cha jioni. Hakuna aliyewafuata. Hakuna aliyewauliza majina. Tukiwa afisa wa uhusiano tumeandaa mikutano mingi na maonyesho mengi ya kumsogeza mwananchi karibu na jeshi, na tunakiri kwamba hatujawahi kuandaa jambo lililofanya kazi hiyo kwa ukamilifu kama yale mabao matano. Anayetaka kuivunja timu kwa sababu inachekwa anataka kuiondoa nafasi ambayo raia anaweza kulicheka jeshi lake bila hofu, na jeshi likajifunza kuchekwa bila hasira. Tunaogopa kwamba hajui bei ya kitu anachotaka kukitupa.

Basi tunawaomba wakuu wa shule zetu za kijeshi mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Mchezaji yeyote atakayevaa jezi ya makadeti awe ameandikwa katika daftari la shule, na orodha hiyo ikabidhiwe kwa timu pinzani kabla ya mchezo ili kila mwenye shaka aisome. Wachezaji wasipangwe lindo usiku wa kuamkia mchezo. Hiyo haiwi upendeleo, kwa kuwa kikosi kinachotumwa kazini alfajiri nacho hupumzishwa. Mwalimu wa timu aachwe angalau miaka mitatu, maana wanafunzi watabadilika na lazima pawepo mtu mmoja anayekumbuka makosa ya mwaka jana. Safari za Gitega na Muyinga ziendelee hata kama timu itafungwa huko tena, na miji hiyo sasa ina viwanja vinavyostahili, Ingoma na Umuco. Na kila mchezo ukiisha, vijana wetu wasikimbilie gari. Wapange mstari mbele ya watazamaji wa upande wa pili, wapige saluti, wasubiri mpaka wenyeji wamalize kushangilia. Habari itakayoletwa gazetini ianze na idadi ya mabao. Sisi kwa upande wetu tutaichapa ilivyo.

Yule fundi wa baiskeli tulionana naye tena mwaka jana, tulipokuwa tukipita Muyinga kwa shughuli za kikazi. Siku hizi ana kibanda chake mwenyewe na vijana wawili anaowafunza kazi. Mama yake yu hai, na alipotambua sisi ni nani alicheka, akatuletea viti na maharage. Kijana wake alitazama nyota zetu begani, akatikisa kichwa, akauliza kama makadeti bado wanafungwa. Tukamwambia bado. Akauliza mabao mangapi safari hii. Tukamtajia yote, mchezo kwa mchezo, naye akawa anahesabu kwa vidole vilivyojaa grisi.